Sinizite na pumu: ukate vyakula, uongeze vyakula, umeze vidonge ao utumie dawa ya jikoni?

Bandugu, kama uko Goma na pua yako imeziba tangu kiangazi kianze, paji la uso linauma (ndiyo sinizite), na usiku kifua kinapiga filimbi (ndiyo pumu), basi mashauri umeshapewa ya kila aina. Mmoja anasema acha maziwa. Mwingine anasema tafuna kitunguu saumu asubuhi bila kula kitu. Farmasi ya pale kwa kona inakuuzia vitamini C ya kuyeyusha ndani ya maji, na yule anayepita na dawa za Kichina iko na chupa anasema inamaliza pumu kabisa. Ukiyapanga mashauri yote unapata njia nne: kukata vyakula, kuongeza vyakula, vidonge na chupa, na dawa ya jikoni. Watu wanazichanganya zote kwa siku moja, kisha wakipata nafuu hawajui ni gani imesaidia, na wakizidiwa hawajui ni gani imewaharibia. Nimezipanga hapa moja kando ya ingine ili kila mtu achague kufuatana na hali yake.

Mbele ya hapo, jambo la pompi, kile kifaa cha kuvuta dawa kwa mdomo. Pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa. Salbutamol (ile Ventolin ya rangi ya bluu) inafungua njia kwa masaa machache, lakini uvimbe yenyewe haiugusi. Inayotuliza uvimbe ni pompi ya kortizoni ya kuvuta, kama beclometasone ao budesonide, na kwa kawaida inavutwa kila siku hata siku unajisikia muzima. Tangu 2019 GINA, lile kundi la madaktari linalotoa mwongozo wa pumu kwa dunia, linasema mtu mzima ao kijana mwenye pumu asitibiwe na salbutamol peke yake. Hapa kwetu wengi wako na ya bluu tu mfukoni. Kwa hiyo yote nitaandika chini ni ya kuongezea juu ya matibabu, hakuna hata moja inachukua nafasi ya pompi, na mtu akikuambia uache pompi juu ya chakula ao chupa yake, umukimbie.

Na tena tusidanganyane kuhusu hewa ya Goma. Vumbi ya mawe ya volkano, moshi ya makala, pikipiki, na siku zingine gazi ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira inashuka mpaka mujini. Kula sombe hakuondoi moshi ya mbabula (jiko ya makala) ndani ya mapafu. Ukipika ndani ya chumba kimoja na kile unalala, kutoa mbabula inje kunaweza kukusaidia kupita chakula chote nitakachotaja.

Nitalinganisha kwa nini

Maswali manne. Kuna ushahidi gani, maana utafiti uliofanywa kwa watu, si "shangazi yangu alipona". Inakula pesa na kazi gani. Inaweza kuharibu nini. Na inafaa nani. Pua na kifua nimeviweka pamoja juu njia ya hewa ni moja kutoka puani mpaka chini, na mwenye pumu mara nyingi pua yake pia ina shida, lakini kuna njia zinasaidia juu zaidi kuliko chini, nitasema pale inapohitajika.

1. Kukata vyakula

Ushahidi. Tuanze na maziwa juu ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Tafiti zilizoangalia kama maziwa inaongeza makamasi hazikukuta hivyo. Kinachotokea ni kwamba maziwa inachanganyika na mate, mdomo na koo vinasikia uzito, basi mtu anafikiri makamasi imezidi. Kwa hiyo kuacha fromaji ya Masisi miaka yote juu ya sinizite, mi naona ni kujinyima bule, isipokuwa kama uko na aleji ya kweli ya maziwa.

Aleji ya kweli ipo na inajionyesha. Unakula karanga, mayai, samaki ao maziwa, na kwa dakika chache mpaka masaa mawili hivi midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka ya kuwasha, kifua kinabana. Hiyo si ya kujaribu-jaribu nyumbani, ni dokta.

Kisha kuna kitu ambacho wengi hawajui: sulfiti. Ni dawa ya kuhifadhi inayowekwa ndani ya divai, matunda makavu, maji ya ndimu ya chupa na vyakula vingine vya viwandani, kwenye karatasi ya chupa inaandikwa "sulfites" ao E220 mpaka E228. E220 yenyewe ni dioksidi ya salfa, yaani gazi ileile inayotoka kwenye volkano yetu, sasa imeingia kwa glasi. Kati ya watu 100 wenye pumu, kama 3 mpaka 10 kifua chao kinakasirika nayo. Kwa hiyo kama kila sherehe ya ndoa unarudi unapiga filimbi, mbele ya kulaumu baridi ya usiku angalia ulikunywa nini. Pombe yenyewe, hata bila sulfiti, inaziba pua za watu wengi.

Kula usiku sana kisha kulala palepale pia. Asidi ya tumbo inapanda, inachokoza koo na kuleta kikohozi cha usiku. Hapo unakata saa ya kula, chakula unakiacha vile kilivyo.

Pesa na kazi. Pesa hapana, kazi mingi. Unakata kitu kimoja tu, wiki mbili mpaka nne, unaandika ndani ya daftari kila siku pua na kifua vilikuwaje, kisha unakirudisha uone. Bila kurudisha haujajua kitu, juu labda mvua ilianza na vumbi ikatulia. Na vile vipimo vya damu vinaitwa IgG vinavyokutolea liste ya vyakula makumi vya kuacha, uweke pesa yako mfukoni: vinaonyesha tu vyakula umezoea kula, na mashirika ya madaktari wa aleji hawavishauri.

Hatari. Watoto. Mama anatoa maziwa, anatoa mayai, anatoa samaki, anatoa karanga, mtoto anabakia na bugali na sombe ya maji, na baada ya miezi michache shida si pumu tena, ni kukonda. Mtoto usimkatie chakula bila mtu wa afya kukuongoza.

Inafaa nani. Mtu ambaye ameona kitu kinajirudia: kila mara nikila ama nikinywa hiki, masaa machache baadaye napata kile. Kama haujaona chochote kinachojirudia, njia hii itakuchokesha.

2. Kuongeza vyakula

Hapa kuna utafiti mmoja napenda sana juu unalinganisha kabisa chakula na kidonge. Ulifanywa Australia na kutoka mwaka 2012. Watu wazima 137 wenye pumu waligawanywa: kundi moja likala mboga mafungu 5 na matunda 2 kwa siku, kundi lingine mboga mafungu yasiyozidi 2 na tunda 1. Baada ya siku 14 pumzi ya wale wa mboga kidogo ilikuwa chini, na walipoendelea kufuatiliwa ndio walioshikwa na pumu mara nyingi zaidi. Kisha wakajaribu kuwapa wale wa mboga kidogo dawa ya nyanya iliyokamuliwa na kuwekwa ndani ya vidonge. Haikusaidia kitu. Nyanya ndani ya sahani ndiyo, nyanya ndani ya kidonge hapana. Utafiti mmoja si sheria, lakini unakwenda pamoja na zingine nyingi zinazoonyesha kwamba wanaokula mboga na matunda mingi wanapumua vizuri zaidi.

Kwa huku fungu ni kama kiganja kimejaa mboga iliyopikwa. Lengalenga, sombe, matembele, karoti, shu, nyanya, kisha papai ao marakuja ao nanasi. Mafungu 5 inaonekana mingi lakini mtu anayekula lengalenga mchana na maharagi yenye nyanya na karoti mangaribi ameshafika karibu. Sombe usiihesabu kama imeogelea ndani ya mawese, namna hiyo ni mafuta yenye kuwa na majani. Mawese kidogo ni sawa, ile rangi nyekundu ni beta-karotini ambayo mwili unageuza vitamini A.

Samaki je? Omega-3 ya samaki inasemwa mingi. Kwa mtu ambaye ameshakuwa na pumu matokeo yanapingana, kwa hiyo ule sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa) juu ni chakula kizuri na bei yake inavumilika kuliko nyama, usiwale kama dawa. Lakini jihadhari na namna ya kuwapika: mafuta inayochomeka juu ya makala ndani ya jiko lisilo na dirisha itakufunga kifua palepale, na samaki ataonekana ndiye mwenye makosa.

Kwa wale wenye kilo nyingi, kupunguza uzito kunasaidia pumu, hiyo iko na ushahidi mzuri, na ni kupunguza bugali na mafuta polepole, si kujifungia njaa.

Pesa na kazi: inategemea barabara. Mboga za Kibumba zikifika vizuri bei inashuka, barabara ikifungwa inapanda. Hatari: karibu hakuna, isipokuwa watu wenye ugonjwa wa figo ambao ndizi na mboga zingine wanapimiwa, na wenye kumeza dawa za kufanya damu isigande, hao wasibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani bila kumuambia dokta. Inafaa nani: karibu kila mtu, lakini ni njia ya polepole. Pua iliyoziba leo usiku lengalenga haiifungui.

3. Vidonge vya vitamini na chupa zingine

Hapa ndipo pesa inapotelea, kwa hiyo nitachukua wakati.

Vitamini D ndiyo ilikuwa na matumaini. Mwaka 2016 kundi la Cochrane, kazi yao ni kukusanya tafiti zote na kuzipima pamoja, lilisema inaonekana inapunguza mashambulio makali ya pumu. Mwaka 2023 walirudia wakiwa na tafiti nyingi zaidi, na ile faida haikuonekana tena. Kwa huku karibu na ikweta jua liko, lakini mtu anayeshinda ndani siku nzima ao anayejifunika mwili wote anaweza kupungukiwa, na kupungukiwa kunapimwa kwa damu. Ukipungukiwa unatibiwa juu ya mifupa na afya yote, na kama pumu itapata kitu, ni bahati.

Vitamini C: ushahidi kwa pumu hautoshi. Watu wanainywa kama soda tangu wakati wa Covid. Kupita gramu 2 kwa siku inaleta kuhara, na kwa wengine mawe ya figo. Marakuja mbili na papai na shida imeisha.

Magneziumu: ya serumu, ile wanaweka kwa mshipa hospitalini wakati mtu amezidiwa na pumu, hiyo inafanya kazi. Ndipo wauzaji wanarukia kusema vidonge vya magneziumu vinafanya kazi vilevile. Havijaonyesha hivyo.

Omega-3 ya kapsuli: kwa mgonjwa wa pumu, kama nilivyosema kwa samaki. Kuna utafiti wa Denmark wa 2016, wanawake 736 wenye mimba, nusu walipewa mafuta ya samaki gramu 2,4 kwa siku katika miezi mitatu ya mwisho: watoto waliopata pumu ao kifua cha kupiga filimbi kila mara walikuwa 16,9% badala ya 23,7%. Ni kizuri, lakini ni dozi kubwa na ni kwa kumkinga mtoto, haihusu mama yake kupona pumu.

Hatari, na hapa tulia usome. Kitu kuwa "vitamini" hakifanyi kisiwe na madhara. Finland walitoa beta-karotini kwa wanaume wavuta sigara, utafiti wa watu zaidi ya 29,000, na matokeo ya 1994 yalionyesha kansa ya mapafu iliongezeka kwa waliomeza, haikupungua. Royal jelly, yale maziwa ya nyuki yanayouzwa kwa vichupa, imeshaletea wenye pumu shambulio kali na hata kifo, mpaka Australia wanalazimisha onyo liandikwe juu yake. Propolisi pia ni ya kuogopa kama uko na aleji.

Na zile chupa zisizo na jina la maana: dawa za "asili" zimekutwa mara nyingi, nchi mbalimbali, zimefichwa kortizoni ndani. Ndiyo maana inakutuliza kwa siku mbili kama miujiza. Kisha uso unakuwa mviringo, sukari na tansiyo vinapanda, na siku unaacha unaanguka. Kitu kikiponya pumu, mgongo, na baridi yabisi kwa wiki moja, mi nashuku kortizoni mbele ya kushuku miujiza.

Pesa: uliza bei ya chupa, kisha uliza bei ya pompi ya beclometasone, uzilinganishe mwenyewe. Inafaa nani: mwenye kipimo kinachoonyesha amepungukiwa, mama mwenye mimba kwa ile feri na asidi foliki anayopewa kwa konsiltasyo, na mtu anayemeza prednisolone (kortizoni ya vidonge) muda mrefu ambaye dokta anaweza kumuongezea kalsiamu na vitamini D juu ya mifupa.

4. Dawa ya jikoni

Ile ninaheshimu kuliko zote kwa upande wa pua ni maji ya chumvi, na kwa bahati mbaya ndiyo watu wanaidharau juu haina bei. Kuosha pua kunatoa makamasi, vumbi na vile vinavyochokoza, na madaktari wa ORL (wa masikio, pua na koo) wenyewe wanaitumia kwa sinizite ya muda mrefu. Nusu litre ya maji, kijiko kidogo cha chai cha chumvi kisichojaa kupita, na ukiwa na bikarbonate nusu ya hicho kijiko ili isiwashe. Chumvi ya soko iko na iodi, inaweza kuwasha kidogo puani, haina neno. Maji LAZIMA yachemke, dakika moja nzima ya kutokota inatosha kwa kimo cha Goma cha metre 1.500 hivi, kwa wanaokaa juu zaidi ya 2.000 iwe dakika tatu, kisha yapoe yawe vuguvugu. Usichukue ya robine ao ya ziwa mbichi: kuna mdudu anayeitwa Naegleria fowleri, akinywewa hafanyi kitu, akipanda puani anaweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra sana, lakini kuchemsha kunamaliza hiyo hesabu. Unainama juu ya beseni, unamimina polepole tundu moja, inatokea lingine. Kama uko na dawa ya kortizoni ya kupuliza puani, ipulize baada ya kuosha.

Kahawa inashangaza watu. Kafeini ni ndugu ya teofilini, dawa ya zamani ya pumu ambayo ilitolewa mara ya kwanza ndani ya majani ya chai mwaka 1888, na inafungua njia za hewa kidogo, mpaka masaa manne. Kidogo nasema. Kikombe cha kahawa ya Kivu ni kizuri asubuhi, lakini katikati ya shambulio haikushiki mkono kama salbutamol. Na ukienda kupimwa pumzi usinywe siku ile, utaharibu kipimo.

Mvuke ya majani ya mkaratusi: watu wanasikia nafuu juu joto na ile harufu vinadanganya pua kwamba imefunguka. Ushahidi dhaifu, na wenye pumu wengine harufu yenyewe inawafunga. Watoto wanaungua na ile sufuria kila siku, kwa hiyo kwa mtoto mi nakataa kabisa. Asali inatuliza kikohozi kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, chini ya mwaka ni hatari, inaweza kumletea botulizimu. Tangawisi na kitunguu saumu ni viungo vizuri, ule, lakini kipande cha kitunguu saumu kukisokomeza puani kama kwa zile video, kinaunguza ngozi ya ndani na hayo makamasi yanayotoka ni pua inajitetea. Habasoda iko na tafiti ndogo zenye kupendeza, bado ndogo.

Pesa: bule karibu. Inafaa nani: mwenye pua kuliko mwenye kifua.

Sasa wewe uko wapi

Pua tu, kifua hakina neno. Anza na maji ya chumvi kila siku, ongeza mboga. Ikipita wiki 12 muone ORL. Kama ni upande mmoja tu, damu inatoka, ao jicho linavimba, usingoje.

Pumu na unavuta ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki. Pesa ya kwanza iende kwa dokta na pompi ya kortizoni. Inayobakia iende sokoni. Chupa zingoje.

Pua imeziba miaka, harufu hausikii tena, uko na pumu, na ukimeza aspirini, Brufen ao diklofenaki kifua kinafunga. Hii iko na jina, ugonjwa wa Widal, uliandikwa Ufaransa mwaka 1922 na yuleyule Widal wa kipimo cha tifo ambacho kila mtu wa Goma ameshapigwa. Wengi wao pombe pia inawachokoza, kwa hiyo pombe ikate. Lakini usipoteze mwaka kwa kujaribu vyakula, kuko nyama ndogo zinazoota puani za kutibiwa, na hizo dawa za maumivu ziandikwe kwa fishi yako kwamba hauruhusiwi.

Mama mwenye mimba: pompi usiiache, mtoto anahitaji hiyo hewa. Chakula na maji ya chumvi ni salama. Kapsuli za mafuta ya samaki muulize anayekufuata kwa konsiltasyo.

Pesa hakuna kabisa: mbabula inje, maji ya chumvi, lengalenga, kula mapema mbele ya kulala. Na hii haihesabu pesa: mtu asiyeweza kumaliza sentensi juu ya pumzi, midomo imebadilika rangi, salbutamol haimshiki, ni hospitali saa ileile hata kama ni usiku.

Na wewe ambaye tayari unameza vitu vitano kwa mara moja. Toa kimoja kimoja, wiki mbili mbili, uanze na kile cha bei kali. Isipokuwa prednisolone ao ile chupa isiyo na jina uliyoinywa miezi: hiyo usiikate ghafla, juu kama kuna kortizoni ndani mwili wako umeacha kutengeneza ya kwake, na kuikata kwa siku moja kunaweza kukuangusha. Beba chupa yenyewe mpaka kwa dokta, hata kama unaona haya kuionyesha.